Bei ya Tanuru Jipya
Dada msomaji, hapa Minnesota tanuru la kupashia nyumba joto si anasa. Letu lilikuwa na miaka 25, na fundi akakuta ufa kwenye chuma kinachotenga moshi wa gesi na hewa ya vyumbani. Jipya, pamoja na kazi, dola 6,200! Baba watoto alinyamaza, maana nauli ya kwenda Morogoro kumwona mama ilikuwa humo humo. Akauliza kama haliwezi kuvumilia hadi baridi ipungue. Mimi ni muuguzi. Kaboni monoksaidi haina harufu, hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na maumivu ya kichwa inayoleta hudhaniwa mafua. Tukalipa. Mama nimemweleza, safari ni mwakani. Kengele ya kutambua hewa hiyo hupatikana kwa chini ya dola 50. Ifunge karibu na vyumba vya kulala, hata tanuru likiwa jipya.