Rubani wa Kikula arudi darasani

Katika nyumba moja ya komini ya Kikula, hapa Likasi, taa inachelewa kuzimwa usiku. Umeme ukikatika, mshumaa unawashwa. Mwenye nyumba ni rubani. Amepita miaka hamsini, ana wajukuu wawili, na mezani mbele yake kuna kitabu kinene. Watoto wa avenyu wanashangaa: muzee aliyeanza kurusha ndege kabla hawajazaliwa anasoma kama mtoto wa Exetat.

Sababu ni ndege mpya. Miaka yote amerusha Cessna ndogo za zamani, zenye saa za mviringo mbele ya macho: moja ya mwendo, moja ya kimo, moja ya kuonyesha kama mabawa yamelala sawa. Mwajiri wake ameleta Cessna Caravan ya namna nyingine. Tangu mwaka 2008 Caravan zinatoka kiwandani zikiwa na skrini za Garmin G1000. Skrini ni tatu: mbele ya kila rubani moja, na ya katikati ina ramani na habari za injini. Mwendo na kimo ni tarakimu zinazopanda na kushuka. Kuna pia rubani wa mashine, ambaye akipewa njia anaishika mwenyewe.

Dada yake mdogo alikimbia vita upande wa Mitwaba. Anaishi humo nyumbani pamoja na watoto wake. Jioni moja aliuliza:

— Yaya, sasa ni mashine itakuwa inaendesha?

— Hapana, mama. Itanisaidia tu. Nikiielekeza vibaya, itakwenda vibaya, na haitatetemeka hata kidogo.

Jibu hilo lilitoka kwenye kosa lake mwenyewe. Mafunzo yalifanyika Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka Likasi, na mwalimu alikuwa kijana kuliko kifungua mimba wake. Siku za kwanza hawakuruka. Ndege ilisimama chini, imeunganishwa na umeme wa nje ili betri isiishe, na mwanafunzi akabonyeza vifungo mpaka vidole vikazoea. Kisha waliruka kwa mikono, bila rubani wa mashine. Mara ya tatu hewani, akiwa anatafuta namna ya kubadili njia kwenye skrini, aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Alipokiinua, ndege ilikuwa imeshuka mamia ya futi bila yeye kujua. Mwalimu alishika usukani na kusema maneno mawili tu: « Angalia nje. »

Papa huyo alirudi nyumbani bila hamu ya kula. Aibu ya mtu mzima ni nzito.

Hata hivyo hayuko peke yake. Mwaka 2010 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa utafiti juu ya ndege ndogo zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006. Zile za skrini zilipata ajali chache kuliko za saa za mviringo, lakini ajali zake ziliua zaidi. Ndizo zilizotumiwa zaidi kwa safari ndefu na katika hali mbaya ya hewa. Bodi iliomba marubani wafundishwe na kupimwa juu ya vyombo hivyo vyenyewe: vinavyofanya kazi, na namna vinavyoharibika.

Kwa hiyo mwalimu alizima skrini moja, akaiondoa nyingine, mpaka zikabaki saa ndogo za akiba. Mwanafunzi alitakiwa arudi kiwanjani kwa hizo. Alifaulu. Hapo miaka yake ya zamani ilikuwa mali, si mzigo.

Somo jingine ni la Katanga yetu. Huko Marekani marubani wa ndege ndogo wanapokea picha ya mvua kwenye skrini kutoka kwa setelaiti. Huduma hiyo haifiki hapa. Masika yakiingia, skrini inaweza kuonyesha njia safi wakati wingu jeusi liko mbele. Kiwanja cha udongo cha kijijini nacho kinaweza kukosekana kwenye ramani yake. Rubani anauliza watu wa chini kwa redio, anatazama kwa macho, na akiona pabaya anageuka.

Kugeuka ndiyo sehemu ngumu. Wazee wa Kikula wangali wanasimulia ndege ya Fouga iliyoshambulia hapa Septemba 1961, mji ukiitwa Jadotville. Wakati ule mlio wa ndege ulikuwa wa kukimbiwa. Leo, kule barabara zinakokatika kwa mvua, mlio huo ni dawa, chanjo, mama anayepelekwa kujifungua. Watu wanangoja. Rubani anajua wanangoja, na skrini nzuri inamwambia atafika.

Alipopewa ruhusa ya kurusha peke yake, alifika nyumbani na karatasi mfukoni. Dada yake aliisoma polepole, akairudisha.

— Siku ukiona mvua njia ya kwetu, urudi tu, yaya. Sisi tumeshazoea kungoja.

Usiku ule taa ilizimwa mapema.