Delta ya Rufiji: Mto Ulipohama, Msitu Ukabadilika

Delta ya Rufiji, mkabala na kisiwa cha Mafia, ina takriban hekta 53,000 za mikoko. Afrika Mashariki haina msitu mwingine wa mikoko ulioshikana kwa ukubwa huo. Unachotegemea ni kukutana kwa maji baridi ya mto na maji ya chumvi. Kati ya miti yake, mililana hutangulia baharini na kupokea mawimbi. Mikoko yenyewe hushika kingo za vijito kwa mizizi yake mirefu, mikandaa na michu hukaa nyuma, na chumvi inapopungua huanza mikomafi na misikundazi.

Kaa huburuta majani yaliyoanguka hadi mashimoni na kuyatafuna. Mabaki yake hulisha viumbe vidogo vya matopeni. Kambamiti wachanga huingia na maji kujaa, hukulia humo, kisha hurudi baharini. Bila malezi hayo wavuvi wa delta na Mafia wangevua kidogo sana. Kwenye maji baridi wako viboko na mamba, matawini kima na mbega.

Zamani boriti zilipakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni, kuezekea nyumba za nchi yenye miti michache. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliiweka mikoko chini ya hifadhi mwaka 1898. Vijito vilifichika kiasi kwamba manowari ya Wajerumani wenyewe, Königsberg, ilijibanza humo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, tangu 1914 hadi ilipoangamizwa Julai 1915.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka mtoni. Baada ya mafuriko makubwa ya miaka ya 1970, sehemu kubwa ya maji iligeukia matawi ya kaskazini. Kusini chumvi ilipanda na mpunga ukashindwa. Kaskazini maji yalipungua chumvi, wakulima wakayafuata na kufyeka mikoko. Shamba jipya huzaa vizuri kwa miaka michache, kisha magugu hushinda, mkulima akaliacha na kufyeka jingine. Mashamba hayo, kuliko shoka la mkata boriti, ndiyo yaliyoupunguza msitu wa kaskazini. Hata hivyo si haki kumtwisha mkulima lawama zote, kwani maji yaliyomlisha ndiyo yaliyohama.

Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, la kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa juu ya mto huohuo. Bwawa hunasa tope, na tope ndilo linaloijenga delta; pia hupunguza mafuriko yanayosukuma chumvi nyuma. Umeme huo unahitajika. Lakini wanaopanga ratiba ya kufungulia maji wanapaswa kuihesabu delta kama mtumiaji halali, na kuiachia maji ya kutosha wakati wa masika, kabla chumvi haijaifikia misikundazi.