Ngazi Zilizoota Miti

Kusini mwa mji wa Glasgow, nchini Uskoti, pana bustani ya umma iitwayo Cathkin Park. Apitaye hapo kwa mara ya kwanza huona miti, kisha uwanja wa majani, kisha pengine watoto wakicheza mpira. Akitazama vyema ndipo agunduapo kuwa miti ile imeota juu ya ngazi zinazouzunguka uwanja kwa pande tatu, na kwamba baina ya mashina yake bado vimesimama vyuma ambavyo watazamaji wakiviegemea zamani. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya klabu ya Third Lanark, iliyokufa mwaka 1967 ikiwa na umri wa miaka 94.

Neno kufa limetumika hapa kwa makusudi. Klabu ikifungwa hungoja Jumamosi ijayo, na ikishushwa daraja hungoja mwaka ujao. Mpira una rehema hiyo, kwamba mshindwa hupewa siku nyingine. Third Lanark ndiyo iliyonyimwa siku hiyo, wala si mpinzani wa uwanjani aliyeinyima.

Ilizaliwa Desemba 1872, siku chache tu baada ya Uskoti na Uingereza kukutana hapo hapo Glasgow katika pambano la kwanza la kimataifa, lililomalizika pasi na bao. Waliouasisi umoja huo walikuwa askari wa kujitolea wa kikosi cha tatu cha bunduki cha Lanarkshire, nao wakaipa klabu jina la kikosi chao na rangi nyekundu ya vazi lao. Mwaka 1873 ilikuwamo katika kundi dogo la klabu zilizounda Chama cha Mpira cha Uskoti, na mwaka 1890 ikawamo tena ilipoundwa Ligi. Kwa hiyo si mgeni aliyekuja kula karamu ya wenzake; ni mmoja wa waliojenga nyumba.

Wala haikukosa fahari. Fainali ya Kombe la Uskoti ya mwaka 1889 ilichezwa katika theluji, na Third Lanark ikaifunga Celtic mabao 3 kwa 0. Wakuu wakaamua kuwa uwanja haukufaa, basi mechi irudiwe. Ikarudiwa baada ya wiki moja, na askari wale wakashinda tena, 2 kwa 1. Mwaka 1904 walitwaa ubingwa wa Ligi, na mwaka 1905 wakalichukua Kombe kwa mara ya pili kwa kuifunga Rangers. Mtu aliyechoshwa na ushindani wa majabali hayo mawili, ambao kwa miaka mingi ulichanganyika na mambo ya madhehebu, alikuwa na mahali pengine pa kwenda siku ya mpira.

Katika msimu wa 1960-61 klabu ilishika nafasi ya tatu katika Ligi na kufunga mabao 100 kamili. Msomaji na aikumbuke hesabu hiyo, kwani miaka minne tu baadaye, msimu wa 1964-65, timu ilishinda mechi 3 kati ya 34, ikashushwa daraja. Wale waliokuwa wakifunga mabao walikwisha kuuzwa Uingereza: Dave Hilley alikwenda Newcastle, Alex Harley na Matt Gray wakaenda Manchester City. Kuuza mchezaji si dhambi, na klabu ndogo nyingi huishi kwa njia hiyo. Lakini auzaye jahazi lake ili anunue matanga, atayatweka wapi?

Mechi ya mwisho ilichezwa Aprili 28, 1967, ugenini Dumbarton. Third Lanark ilifungwa 5 kwa 1, na bao lile moja likafungwa na kijana Drew Busby. Siku 27 baadaye, huko Lisbon, Celtic ikaifunga Inter Milan na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza yote kutwaa Kombe la Ulaya. Mji mmoja, majira mamoja: huku watu wanaimba barabarani, na huku klabu iliyowahi kuwashinda mabingwa hao inafilisiwa. Kilio cha mnyonge hakisikiki penye ngoma.

Serikali ilichunguza hesabu za klabu, na baadhi ya waliokuwa wakurugenzi wakatozwa faini mahakamani. Wazee walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ama uwanja wenyewe ulikusudiwa kujengwa nyumba, lakini halmashauri ya mji ikakataa kutoa ruhusa. Ndiyo maana ngazi zipo hata leo.

Katika sheria, klabu ilikuwa kampuni, na kampuni ni mali ya wenye hisa. Kwa yule aliyesimama kwenye ngazi zile tangu akiwa begani mwa baba yake, klabu ilikuwa ni Jumamosi, ni njia ya kutoka nyumbani kwenda uwanjani, ni majirani wa kusimama nao. Hivi vyote viliitwa kwa jina moja, na kosa likaanzia hapo: mwenye karatasi aliweza kuuza hata kile asichokuwa nacho. Naye shabiki hakupewa pa kuhamia. Kumwambia aende akaishangilie Celtic au Rangers ni kama kumwambia yatima achague baba miongoni mwa majirani.

Mizizi inazipasua ngazi polepole, na majani yakianguka huzifunika. Lakini pale katikati nyasi hukatwa, na watoto wasioijua Third Lanark hufunga mabao yao, wakipiga kelele mbele ya miti iliyosimama safu kwa safu.