Kutoka Kivinje hadi Nyamisati kabla ya Kimbunga

Akina mama wengi wa bara wakisikia pwani hufikiria Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Kusini zaidi kuna Kilwa Kivinje, mji mkongwe wenye maboma ya mawe. Mashua zitokazo huko kwenda kaskazini hupita Songo Songo, kisha delta ya Rufiji yenye misitu mikubwa ya mikoko. Njia hiyo ndiyo tuliyopita akina mama watatu wa kanisa tarehe 1 Mei 2024, juu ya magunia ya chumvi. Pamoja nasi alikuwamo binti mjamzito wa miezi minane, akienda kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza.

Mwezi wa Mei kusi husukuma tanga kutoka nyuma, na siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Tulilala Songo Songo, tukala ugali kwa pweza.

Asubuhi redio ilitangaza tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kimbunga, ambacho baadaye sote tulikijua kwa jina la Hidaya, kilikuwa kinakuja. Vimbunga ni nadra kwetu, kwa maana vingi hupindia Madagaska na Msumbiji, lakini si hadithi. Aprili 1872 kimoja kiliivunja Unguja, na Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Nahodha, mzee wa makamo, alizima redio akatazama mawimbi. Upepo ulikuwa bado wa kawaida, ila mawimbi yalikuja marefu, mazito, kutoka mashariki.

"Tutaingia mlango wa kwanza wa delta, tujifiche mikokoni mpaka kipite," alisema.

Mwenzetu mmoja alimuunga mkono. Alikumbusha Matendo 27, jinsi Paulo alivyoonya wasing'oe nanga Bandari Nzuri, wakakataa kumsikia. Hoja nzuri. Lakini tangu alfajiri yule binti alilalamika kichwa na kuona vimulimuli, na uso umemvimba. Nilimpima presha: 160 kwa 110. Mama uliyewahi kuona kifafa cha mimba hutahitaji maelezo. Inabidi sindano na hospitali, na mikokoni hakuna.

Nikamwendea nahodha usukanini. "Baba, huyu hawezi kungoja siku tatu."

Hakujibu upesi. Alimuuliza binti jina la baba yake, akatazama tena mashariki, kisha akasema, "Sista, mlaze ubavu wa kushoto, pale pasiporusha maji. Bismillahi." Akawasha na mashine. Sisi tuliomba kwa sauti, mabaharia kwa yao, na hakuna aliyeona ajabu.

Mchana kutwa delta ilikuwa kushoto kwetu, ukuta wa kijani usio na mwisho. Binti alitapika mara mbili. Saa kumi na moja jioni tuliingia mkondo wa Nyamisati maji yakiwa yamepwa, mabaharia wakisukuma kwa upondo matopeni, wakitweta. Gari lilipatikana. Usiku huo huo alichomwa dawa hospitali, na kesho yake alifanyiwa upasuaji.

Jumamosi tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, ng'ambo tu ya pale tuliposhukia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesitishwa. Mashua yetu ilikuwa imefungwa mikokoni kwa kamba nne, na chumvi imelowa. Jumatatu nahodha alipiga simu kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Ni wa kike, kilo moja na nusu, ananyonya.