Ekuador: Nchi Iliyoko Kwenye Mstari wa Ikweta

Mwezi huu tunawasafirisha hadi Amerika ya Kusini, na nauli hatudai. Sisi tuliotoka Kivu tunaujua ule mstari wa Ikweta unaopita kati ya Butembo na Lubero. Ukiufuata kuelekea magharibi, utavuka bahari ya Atlantiki, Brazili na Kolombia, halafu utafika nchi iitwayo Ekuador. Jina lenyewe kwa Kihispania maana yake ni Ikweta.

Ni nchi ndogo, haifiki theluthi ya Tanzania, na sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu milioni 17. Lakini mumo humo mna pwani ya joto yenye mashamba ya ndizi (hakuna nchi inayouza ndizi nyingi nje kuishinda), milima ya Andes katikati, na msitu wa Amazon upande wa mashariki, mnene kama wa Ituri. Tena karibu kilomita 1,000 baharini kuna visiwa vya Galápagos vyenye kobe wakubwa ajabu.

Watoto wametuuliza, mbona nchi ndogo hivyo ina viumbe wengi? Sababu kubwa ni kupanda na kushuka. Kutoka pwani mpaka kwenye theluji ni safari ya siku moja tu, na kila ukipanda kidogo baridi inabadilika, mimea inabadilika, na ndege pia. Aina za ndege peke yake zinazidi 1,600. Mlima Cotopaxi una mita 5,897, yaani umeipita Kilimanjaro kwa mita mbili! Nao ni volkano hai, uliamka tena mwaka 2015 ukamwaga majivu. Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa. Mji mkuu, Quito, uko mita 2,850 juu. Ikweta iko jirani kabisa, lakini usiku watu wanavaa masweta, na mgeni huhema siku za kwanza hata akipanda ngazi.

Sasa kina mama wa sombe, mkae vizuri. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Uliletwa Kongo na merikebu za Wareno. Mahindi, viazi na karanga navyo vilitoka ng'ambo ileile. Hata kobayi tuliokuwa tukiwafuga jikoni kule Kivu, mababu zao ni wa milima ya Andes. Huko wanaitwa cuy, na siku ya sherehe huchomwa mzimamzima. Makemba wanayakata vipande, wanayakaanga, wanayaponda yawe bapa, kisha wanayakaanga tena. Jaribuni, kama mafuta yapo.

Lugha kubwa ni Kihispania, na wenyeji wa asili wana zao, kama Kikichwa na Kishuar. Esmeraldas na bonde la Chota wako watu weusi, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na wale wa Esmeraldas marimba wanapiga mpaka leo. Pesa yao tangu mwaka 2000 ni dola ya Marekani.

Jambo lililotugusa zaidi ni hili. Vita vya Kolombia vilipowafukuza watu, wengi walikimbilia Ekuador. Tangu 1989 imewatambua wakimbizi zaidi ya 70,000, na haikuwafungia kambini. Wanaishi mitaani, Quito, Lago Agrio na kwingineko, wanatafuta kazi na kupanga vyumba. Wengine hulala njaa ili kodi ilipwe, maana posho ya kila mwezi haipo. Hata hivyo, baadhi yetu tumezaliwa kambini, tumepita miaka ishirini, na hatujawahi kudaiwa kodi wala kuchagua mtaa. Tulibishana jioni nzima ipi bora. Wengi wetu tulichagua kodi.

Ila wazazi, msikilize hapa. Mwaka 2008 Ekuador iliondoa viza kwa karibu dunia yote, na Waafrika wengi wakapitia huko kwenda Marekani. Baadaye viza ilirudishwa kwa nchi nyingi za Afrika. Dalali anayemwambia kijana wako kwamba Ekuador ni mlango wazi anauza habari ya zamani. Na mbele ya safari hiyo kuna msitu wa Darién, kati ya Kolombia na Panama, hauna barabara, na wengi wamefia humo. Siku hizi Waekuador wenyewe wanakimbia: magenge ya dawa za kulevya yamezidi, na Januari 2024 rais alitangaza kwamba nchi iko katika mapigano ya silaha ya ndani. Maelfu yao wamepita Darién hiyohiyo.

Kuhamishiwa nchi ya tatu kupitia UNHCR hakulipiwi hata senti. Akikuomba pesa mtu yeyote, hata awe na kitambulisho shingoni, usimpe, nenda ukaripoti.

Ramani ya Amerika ya Kusini tumeichora ukutani, darasa la tano. Baada ya saa tisa mlango uko wazi, njooni na watoto.