Karatasi ya majibu ya damu kwa wanaosubiri mtoto

Huu ni mwaka wa nne wa ndoa yetu, na bahasha yetu ya karatasi za maabara imekuwa nene kuliko faili la mapato na matumizi ya msikiti ninalolitunza nikiwa katibu wa kamati. Naandika kwa idhini ya mke wangu. Yeye ndiye aliyesema kwamba hapa Ilala wamo wanandoa wengi wanaotafuta mtoto kimya kimya, wanaopewa karatasi hizo, wakazikunja na kuziweka kabatini bila kujua zinasema nini.

Karatasi zenyewe zimeandikwa kwa ajili ya daktari. Kushoto kuna jina la kipimo, katikati tarakimu, kulia kiwango cha kawaida, na pembeni pengine herufi H au L, yaani kimepanda au kimeshuka. Mke wangu alipoiona H ya kwanza hakulala usiku ule. Baadaye daktari alitufafanulia jambo ambalo laiti lingebandikwa ukutani katika kila maabara: kiwango cha kawaida hupatikana kwa kuwapima watu wenye afya na kuchukua 95 katika kila 100. Maana yake ni kwamba watano katika kila mia ni wazima kabisa, na bado majibu yao yako nje ya mstari. Anayepimwa vitu 20 visivyotegemeana kwa mara moja ana uwezekano wa zaidi ya nusu wa kukuta walau kimoja kimetoka nje, hata kama haumwi chochote.

H ile ilikuwa ya prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo hupanda kwa wasiwasi na kwa baadhi ya dawa, zikiwemo za kuzuia kutapika. Iliporudiwa asubuhi moja tulivu, ilikuwa imeshuka yenyewe.

Iliyobaki juu ni TSH, na hapo ndipo ilipo shida yetu. Watu wengi huisoma kinyume. TSH ni amri inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kwenda kwenye tezi ya shingo. Tezi ya shingo ikilegea, amri hupandishwa sauti. Kwa hiyo tarakimu ikiwa kubwa, tezi inafanya kazi kidogo. Ulegevu huo huweza kuvuruga kupevuka kwa yai na kuongeza hatari ya mimba kuharibika, lakini una tiba: kidonge kila asubuhi tumbo likiwa tupu, na kama mtu anameza pia vidonge vya madini ya chuma, viachane kwa muda wa saa nne. Damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Mimba ikiingia, daktari aambiwe mapema, kwa kuwa dozi mara nyingi huhitaji kuongezwa.

Kipimo cha projesteroni nacho kina fiqhi yake, nami nilifurahi kuona masomo ya chuoni yanatufaa. Kipimo hiki huthibitisha kama yai limepevuka, nacho huchukuliwa takriban siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Wengi huambiwa waje siku ya 21. Hiyo ni sahihi kwa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21 anaweza kuambiwa yai halikupevuka, kumbe amewahi kwa wiki nzima. Sisi tuliosoma madhehebu ya Shafii tumefundishwa kwamba uchache wa hedhi ni siku moja na usiku wake, wingi wake ni siku 15, na kwa wanawake walio wengi ni siku sita au saba. Mwanamke anayezihesabu siku zake kwa ajili ya sala na kwa kulipa funga tayari anayo daftari ambayo daktari anaitafuta. Aende nayo.

Mengine nayapitia haraka. Hemoglobini chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba ni upungufu wa damu. Mke mwenye kundi la damu la Rhesus hasi anaweza kushika mimba kama wengine, ila mume akiwa chanya, mke atahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya au mimba kuharibika. Sukari ya kufunga huhitaji muda wa saa nane bila chakula. Anayefunga Jumatatu na Alhamisi anaweza kutumia siku hizo, mradi ahesabu tangu daku. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa kabla ya mimba.

Sasa nije kwa waume wenzangu. Shangazi yangu wa Gerezani alituletea chupa ya dawa ya kusafisha kizazi kutoka Kariakoo, akamkabidhi mke wangu mbele ya wageni. Nilimwambia, "Shangazi, shikamoo na ahsante, lakini mimi pia nimepimwa." Kukawa kimya. Damu ya mke haiwezi kuonyesha hali ya mbegu za mume, wala haionyeshi kama mirija imeziba, na katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto kuna sababu inayomhusu mume pia. Kipimo cha manii hufanywa baada ya siku mbili hadi saba za kujizuia, na kifike maabara ndani ya saa moja. Anayeona haya akumbuke kwamba mkewe amekwisha kutolewa damu mara tano.

Limebaki la selimundu, nalo ndilo linalonigusa zaidi nikiwa ninayepokea maombi ya ndoa. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka. Muhimbili, iliyo humu humu wilayani kwetu, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wake tangu 2004. Katika karatasi yangu imeandikwa AS, ya mke wangu AA. Mtoto wetu akija anaweza kuurithi ubebaji kama mimi, lakini hataugua. Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto mgonjwa. Na kila mimba huanza hesabu upya, kwa hiyo aliyezaa mgonjwa mmoja asidhani watatu wanaofuata wamesalimika.

Katika kamati baadhi ya wazee wanahofu kwamba kupima kabla ya nikaha kutavunja posa. Hofu yao naielewa, na sioni kwamba tuna haki ya kukifanya kipimo kuwa sharti. Lakini kuwashauri vijana wapime kabla ya siku ya harusi kutangazwa ni nasaha, na posa itakayovunjika kwa ridhaa ya wenyewe ni nyepesi kuliko kilio cha mtoto usiku.

Kipimo chetu kijacho cha TSH ni mwezi ujao. Kamati imenituma nitafute mtaalamu wa maabara aje azungumze nasi baada ya Isha, wanawake wakiwepo, na mke wangu ameshaandika maswali yake kurasa mbili.