Maharage Chini ya Sufuria

Nilipopelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ya Mkoa wa Mashariki, Rwanda, nilijua nitafundisha. Sikujua kwamba nitahesabu maharage. Mwalimu aliyesimamia chakula cha wanafunzi alikuwa katika likizo ya uzazi, walimu wengine walikuwa na vipindi kutwa, na mimi mwanafunzi wa Kiswahili na elimu ndiye niliyeonekana kuwa na nafasi. Mkuu wa shule akanikabidhi ufunguo wa stoo, madaftari mawili na kalamu.

"Kazi ni ndogo, mwalimu," aliniambia. "Unapima, unaandika, unatia sahihi."

Mimi nilimaliza shule ya msingi mwaka 2016, wakati chakula cha mchana shuleni kilikuwa hakijafika madarasa ya chini. Shule za sekondari za kutwa zilianza kupewa mwaka 2014. Sisi wadogo tulirudi nyumbani saa sita. Nyumbani kwetu mara nyingi hakukuwa na kitu, kwa hiyo nilikaa chini ya mparachichi wa jirani hadi wenzangu walipoanza kupita njiani kurudi, nikaungana nao kana kwamba nami nimekula. Mwaka 2021 mpango ulipanuliwa hadi shule za awali na za msingi, na mwaka 2022 serikali ikatangaza kwamba mzazi wa mtoto wa shule ya msingi atachangia faranga 975 kwa muhula. Ukigawa kwa siku 65 za masomo unapata faranga 15 kwa siku. Serikali iliongeza 135, na mlo mmoja ukawa wa faranga 150. Kwa hiyo nilipopokea ule ufunguo sikuona kazi ndogo. Nilijiona nimepewa mparachichi ule niung'oe.

Kiwango tulichotumia shuleni kwetu kilibandikwa ndani ya mlango wa stoo: kila mtoto gramu 120 za unga wa mahindi, gramu 30 za maharage, gramu 10 za mafuta, chumvi, na mboga za bustani ya shule zikipatikana. Jioni ya kwanza nilikaa na kikokotoo. Unga huo una kalori kama 430, maharage 100, mafuta 90. Jumla ni kalori 600 na ushei, karibu theluthi ya mahitaji ya mtoto kwa siku. Mafuta yalikuwa yameongezwa vitamini A na chumvi ilikuwa na madini joto. Nikasema, basi, hesabu imekaa sawa. Kwa watoto 600 nilitakiwa kutoa stoo kilo 72 za unga, kilo 18 za maharage na kilo 6 za mafuta, na nikawa nazitoa kila asubuhi bila kupunguza hata punje.

Mpishi mkuu alikuwa mzee mmoja mkimya ambaye kila mtu alimwita Muzehe. Alifika saa kumi na moja alfajiri, akawasha moto chini ya zile sufuria kubwa tunazoziita muvero, na maharage aliyoyaloweka usiku yakaanza kuchemka kabla mwalimu wa kwanza hajafika. Kusonga kawunga cha watoto 600 si mchezo. (Kawunga ndio ugali wa mahindi kwetu, neno ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kusikia "unga" ndani yake.) Muzehe alisimama juu ya tofali, akashika mwiko mrefu kama jembe kwa mikono miwili, na vijana wawili wakamsaidia upande wa pili.

Watoto walipanga foleni kuanzia darasa la kwanza. Wadogo kwanza, wakubwa mwisho. Ndivyo adabu inavyotaka, na niliona vizuri. Wiki ya pili nikaanza kushangaa jambo dogo: darasa la sita hawakulalamika kamwe kuwa wa mwisho. Watoto wa miaka 12 na 13, wenye njaa, wanangoja madarasa matano yapite, na hakuna hata mmoja anayejaribu kujipenyeza mbele. Siku moja mwalimu wa zamu aliwaambia watangulie kwa sababu walikuwa na mtihani wa majaribio mchana. Walinung'unika!

Hapo ndipo nilipoangalia sahani. Darasa la kwanza walikuwa na kipande cha kawunga na mchuzi wenye rangi nzuri ya maharage. Darasa la sita walikuwa na kawunga na maharage yenyewe, yamerundikana. Maharage ni mazito, huzama. Upawa unaochota juu huleta maji, na kadiri sufuria inavyopungua ndivyo upawa unavyoikaribia neema. Jioni nilipima nyumbani gramu 30 za maharage makavu, nikazihesabu: zilikuwa punje 70 na kitu. Kesho yake nikamwomba mtoto mmoja wa darasa la kwanza anionyeshe sahani yake kabla hajala. Nilihesabu punje 19. Alinitazama kwa wasiwasi, akidhani nataka kumnyang'anya.

Wenzangu wa lugha mtanisamehe nikikaa kidogo kwenye mambo ya lishe, kwa sababu bila hayo punje 19 si kitu. Mahindi yana protini, lakini ina upungufu wa lisini, kiungo ambacho mwili hauwezi kukitengeneza wenyewe. Maharage yana lisini nyingi. Ukiviweka pamoja kwenye sahani moja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Mabibi zetu walijua hilo bila kikokotoo. Kuna pia madini ya chuma, ambayo mtoto akiyakosa hupungukiwa damu, akasinzia darasani, tukamwita mvivu. Nchini kwetu yapo maharage yaliyozalishwa kwa makusudi yawe na chuma kingi, na wanafunzi wa kike wa chuo hapo Huye walipolishwa maharage hayo kwa siku 128, akiba ya chuma mwilini mwao iliongezeka kuliko ya wenzao waliokula ya kawaida. Chuma hicho kimo ndani ya punje. Mtoto anayepata mchuzi anapata rangi yake.

Na anayehitaji zaidi ni yule mdogo. Utafiti wa kitaifa wa 2019/20 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao ndio wanaoingia darasa la kwanza. Sahani ya shule haiwezi kuwarudishia kimo walichokipoteza, lakini kuwapa maji ya maharage baada ya hapo ni kuwakosea mara ya pili.

Nilimwendea Muzehe kwa tahadhari. Mtu hamfundishi kupika mzee aliyemzidi miaka 40. Nikamwambia nilichohesabu. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, wewe unapima kwa mtoto. Mimi napika kwa sufuria." Nilidhani amekasirika. Kesho yake nilimkuta ameteka ndoo mbili za maharage yaliyoiva, anayaponda kwa mti, kisha anayarudisha sufuriani. Mchuzi ukawa mzito, ukayabeba yaliyobaki mazima yasizame upesi. Akamwagiza kijana mmoja asiondoke pale, kazi yake iwe kukoroga kutoka chini muda wote wa kugawa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna gharama iliyoongezeka isipokuwa jasho. Darasa la sita walinichukia kwa wiki nzima.

Ningependa kuishia hapo, maana hadi hapo ninaonekana mtu mwema.

Wiki ya nane maharage yalianza kupungua stoo. Bei za vyakula zilikuwa zimepanda, faranga 150 hazikununua tena zilichokuwa zikinunua, na mfanyabiashara aliyetuletea magunia alikuwa bado hajalipwa ya mwezi uliopita. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Nilijua kwamba amekwisha kukopa unga kwa jina lake mwenyewe, na kwamba hakumfukuza kwenye foleni mtoto hata mmoja ambaye mzazi wake hajachangia. Aliamua tupike kilo 10 badala ya 18 ili tufike mwisho wa muhula. Uamuzi huo sikuupinga. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

Lakini kulikuwa na fomu. Kila siku niliandika idadi ya waliokula na gramu kwa kila mtoto, na mwisho wa wiki fomu ilipelekwa kwenye sekta. Daftari la stoo lilikuwa jingine, na hakuna aliyewahi kuyaweka mawili hayo pamoja mezani. Kilo 10 kwa watoto 600 ni gramu 16 na nukta. Nikamuuliza mkuu wa shule niandike 16?

"Andika 30," akasema. "Wakiona 16 watauliza maswali."

Niliandika 30. Niliandika 30 kwa wiki mbili, kwa mwandiko wangu mzuri, nikatia sahihi. Sitajitetea kwamba niliogopa kwa ajili ya shule. Yeye ndiye aliyekuwa akijaza karatasi ya alama zangu za mazoezi, na nilizitaka alama hizo.

Kisha sekta ikaomba shule zenye akiba zigawane na zenye upungufu. Kilikuwa kitendo cha busara, na kilifanywa kwa kutazama fomu. Mkuu wa shule alirudi kutoka mkutanoni, akaniwekea orodha mezani, akaondoka bila neno. Shule tatu zilikuwa zimeandikwa kuwa na upungufu, na yetu haikuwamo. Kwa mujibu wa karatasi zangu, watoto wetu walikuwa wanakula gramu 30 kamili.

Nimewahi kusoma mashairi mengi kuhusu kalamu na nguvu zake, na nimeandika insha za kuyachambua, nikapewa alama nzuri. Mchana ule nilisimama jikoni nikitazama kijana wa Muzehe akikoroga kwa bidii sufuria ambayo haikuwa na cha kukorogwa.

Jioni nilimfuata mkuu wa shule ofisini. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, ila sikuitoa. Nilisema tu kwamba kesho nitaandika 16. Alikaa kimya, akavua miwani, akasugua macho. "Andika unachopima," akasema. Niliandika 16. Simu ilikuja kweli, kama alivyohofia. Nilimwona amesimama nje ya ofisi akijieleza kwa muda mrefu, mkono mmoja kiunoni. Maswali aliyoulizwa yalikuwa makali, na yalimwangukia yeye, si mimi. Siku nne baadaye yaliletwa magunia mawili kutoka shule ya jirani. Yalitosha hadi tulipofunga. Alama zangu alizijaza kwa haki, jambo ambalo lilinifanya nijisikie vibaya zaidi.

Zile wiki mbili hazikurudi. Ukikokotoa, siku 10 kwa kilo 8 zilizokosekana ni kilo 80, na zote zimeandikwa kuwa zililiwa. Sahihi ni yangu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mdogo wangu, ambaye ana miaka 12 na anakula shuleni kila mchana. Nilimuuliza wanapata maharage mengi au mchuzi tu. Akacheka, akashangaa swali lenyewe.

"Dada, sisi ni darasa la sita," akasema. "Tunakula wa mwisho."